Dominika ya Majani ya Mahindi

Punda ndiye aliyeanza.

Kama angekaa kimya na kumbeba Bwana Yesu wa mbao kutoka kanisa dogo la mlimani hadi kanisa kubwa la uwanjani, kama alivyofanya miaka sita mfululizo, huenda mambo yangepita salama. Lakini mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu mji wa Peñas Altas upate kengele, watu hawakuja kwenye Dominika ya Matawi na makuti ya mtende wa nta. Walikuja na majani ya mahindi. Na punda, ambaye hakuwa amealikwa kwenye vikao vya parokia, alipojikuta amezungukwa na watu mia nne wanaompungia chakula, alifanya ambacho kiumbe yeyote mwenye akili timamu angefanya. Alinyoosha shingo akala majani ya Mzee Gildardo. Akatafuna bila haraka. Kisha akageukia ya mkewe.

"Ala!" Mzee Gildardo akapaza sauti, bua tupu mkononi. "Sisi tunaimba Hosana, mwenzetu anaimba karibu mezani!"

Uwanja mzima ulicheka. Padri Aldemar alijificha nyuma ya kitabu cha sala akacheka huko. Hata Edilma Tabares, ambaye wazo la mahindi lilikuwa lake tangu mwanzo hadi mwisho, alicheka mpaka akashika mbavu.

Alidhani wanamcheka punda.

Edilma alikuwa mwoka mikate. Kila alfajiri alichoma mikate ya jibini katika tanuri la udongo nyuma ya nyumba, akaiuza dirishani, ingali moto. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mume alishamzika, binti yake alikuwa mjini Ibagué, na nyumbani alibaki na mama yake, Bi Hersilia, mwenye miaka themanini na minne na sikio moja linalofanya kazi, tena kwa kuchagua. Mikate ya Edilma ilikuwa mizuri, hilo hata maadui walikubali. Ila alikuwa na masharti. Mfuko wa plastiki hatoi. Uje na kikapu, au uondoke umeikumbatia mikate kifuani kama pacha.

"Mama Kasuku," wanaume walimwita, wakipita kwenda kukamua, "nimeng'oa karoti leo asubuhi. Usiniitie polisi."

"Karoti imenisimulia yote," naye hujibu. "Imesema hata shukrani hukutoa."

Basi hucheka, hununua, huenda zao. Utani ni mkate wa maskini, na Edilma alikula na kulisha. Hakujua kwamba kuna utani unaowekwa akiba, kama kuni.

Jina la Kasuku lilitokana na wale ndege wenye masikio ya njano wanaolala katika mitende ya nta, wasiokubali kulala kwingine. Zamani walipita juu ya mji jioni wakipiga kelele kama watoto waliotoka shule. Siku hizi ungeweza kuwahesabu kwa vidole, ukabakiwa na vidole. Mitende yenyewe ilikuwapo, juu kwenye malisho ya Mzee Gildardo, mirefu kuushinda mnara wa kanisa mara mbili, na mgeni aliyeiona alipiga picha akasema, jamani, mbona mmejaaliwa. Edilma alipoitazama aliona wazee wasio na wajukuu. Chini yake ng'ombe walikula kila mche uliothubutu kuchipua. Na ile michache iliyojificha vichakani, watu waliitafuta kila mwaka kabla ya Pasaka wakaikata moyo: lile kuti changa la katikati, ambalo bado halijakunjuka, la rangi ya siagi. Hilo ndilo walilopungia. Ukiukata moyo wa mtende mdogo mara moja unaugua, mara ya pili umekufa. Sheria ya kukataza ilikuwapo tangu zamani. Lakini sheria ilikaa mjini, na panga lilikaa Peñas Altas.

Miaka kumi na mmoja nyuma, akitafuta kuni kwenye korongo lililo nyuma ya shamba la marehemu baba yake, Edilma alikuta miche saba ya mtende wa nta, mirefu kama goti. Saba! Akaizungushia seng'enge. Akaipelekea majivu ya tanuri na samadi, akaipalilia, kila Jumatatu, mvua na jua. Mtende huu hauna haraka na mtu. Baada ya miaka kumi na mmoja mkubwa wao ulikuwa umemfika begani. Hakumwambia mtu ulipo, ila Nohemí alimwambia ipo, kwa sababu Nohemí alikuwa komadre wake, aliyemsimamia binti yake kwenye ubatizo, na siri isiyo na mtu wa kuijua hata mmoja huozea tumboni.

Ndipo akaja Padri Aldemar, kijana, mgeni, mwenye bidii ya fagio jipya. Edilma alimpelekea mikate wiki tatu. Ya nne akampeleka malishoni akamwonyesha mitende isiyo na miche. Dominika iliyofuata padri alitangaza: mwaka huu Bwana ataingia Yerusalemu kwa majani ya mahindi, anayekuja na mtende atabaki nje. Watu waliguna. Lakini padri ni padri.

Siku ile ya punda Edilma alitembea kwenye maandamano kifua mbele. Tusimfanye malaika: alifurahia kushinda. Aliona pale mtu mmoja mmoja akipita na bua lake, akasema moyoni, unaona, haijakuua. Pengine uso wake ulilisema pia. Uso wa Edilma haukujua kunyamaza.

Sasa, yapo mambo mawili ambayo kila mtoto wa Peñas Altas huyajua kabla ya kujua jina la ukoo wake. La kwanza: kuti lililobarikiwa hukaa nyuma ya mlango mwaka mzima, na radi ikianza unavunja kipande, unakichoma juu ya makaa, unamwita Mtakatifu Barbara, na radi inapita kwa jirani. La pili: kabla ya Jumatano ya Majivu, kuti la mwaka uliopita hurudishwa kanisani likachomwe. Kwa hiyo mwezi wa tano, mawingu meusi yaliposhuka kutoka kileleni saa tisa alasiri, hakukuwa na nyumba mjini yenye kuti la mtende nyuma ya mlango. Kulikuwa na majani ya mahindi, makavu, yaliyoanza kuliwa na panya.

Watu wakayachoma. Yaliwaka kwa fujo, yakatoa moshi wa jikoni, yakazimika. Radi ikaja nayo.

Edilma alikuwa uani akifunika tanuri kwa bati. Mvua ya mawe ilianza kama kokoto moja moja, halafu kama mtu amemwaga gari zima. Alikimbilia ndani ameshika kichwa, na mlangoni akasimama. Alisikia harufu. Hakuna harufu nyingine kama hiyo duniani: nta na asali, na mshumaa uliozimwa sasa hivi. Moshi wa mtende.

Bi Hersilia alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la makaa, akipepea kwa ncha ya shali.

"Mama! Umelitoa wapi hilo?"

"Eeh?"

"KUTI! Umelitoa wapi?"

"Chini ya godoro," alisema mama, bila kugeuka. "La miaka mitano. Nililificha ulipoanza mambo yako. Mahindi ni ya kuku, mwanangu. Funga dirisha, unamfukuza Mtakatifu."

Dirisha la kuuzia mikate lilikuwa wazi. Upepo uliuchukua moshi ule mtamu, mweupe, ukaushusha barabara nzima ya chini, mlango kwa mlango, na nyuma ya kila mlango palikuwa na mtu amepiga magoti mbele ya makapi ya mahindi.

Edilma alilifunga dirisha. Wakati huohuo radi ilipiga malishoni kwa Mzee Gildardo. Ilipiga mtende mrefu kuliko yote, ikashuka nao hadi chini, walikokuwa wamejikinga ng'ombe wake watatu wa maziwa.

Asubuhi alichoma mikate themanini. Hakuna aliyekuja. Saa mbili ilipofika, akaja Mzee Gildardo, ruana yake, lile joho la sufi, begani bado imelowa, na nyuma yake watu kama kumi waliokuwa wanapita njia, kama watu wanavyopita njia wakati pana jambo.

"Pole sana, Mzee Gildardo," Edilma alianza. "Nimesikia..."

"Na mimi nimenusa," alisema Gildardo. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nimeshika majani yako, Mama Edilma. Nimepiga magoti kama mjinga, naita Barbara, Barbara, na moshi wako unaingia chini ya mlango wangu. Nikamwambia mke wangu, hii harufu naijua."

"Nisikilize..."

"Sisi mahindi. Wewe mtende."

"Mwenzenu alijiwekea!" sauti moja ikadakia nyuma. "Mtakatifu Barbara ni wake na kasuku zake!"

Edilma alifungua kinywa. Nyuma yake, kwenye kiti cha kamba, Bi Hersilia alikuwa akichovya mkate kwenye maji ya sukari guru, ameridhika, sikio zuri limeelekea ukutani. Aseme nini? Kwamba ni huyu? Amtoe mama yake uwanjani, bibi wa miaka themanini na minne, mji umtafune? Alifunga kinywa. Na kinywa kilichofungwa, kwa watu waliokwisha kuamua, ni sahihi chini ya hukumu.

"Basi," alisema Gildardo. "Nilitaka tu kukuona usoni."

Kuanzia hapo zile kuni za utani zikatiwa moto. Edilma ni tikiti maji, walisema, kijani kwa nje, ukipasua ni mwekundu kama waasi wa msituni, subirini awalete wenye bunduki warudi mlimani. Saa nyingine alikuwa wakala wa wazungu: ameshawauzia kilele, ndiyo maana hataki mtu akate hata fimbo. Vipi mtu mmoja awe wa wenye bunduki na wa wenye dola kwa siku moja, hakuna aliyeuliza. Wengine walisema haogi, ili kuokoa maji. Mwenye duka alimtumbulia macho alipokuja na kikapu. "Leo hupendi plastiki, au plastiki unajichomea peke yako nyumbani?" Kwenye simu za watu ilizunguka picha: kichwa cha Edilma juu ya kiwiliwili cha kasuku, kuti mdomoni, na maandishi: NG'OMBE WATAJIJUA. Binti yake alipiga simu kutoka Ibagué. "Mama, huku pia imefika. Achana nao. Njoo ukae na mimi."

"Na mikate?"

"Mama, nani anainunua?"

Mikate alikuwa anawapa kuku wa jirani, na jirani alikuwa anawakataza.

Siku moja alimvizia Nohemí kisimani, maana komadre alikuwa amebadilisha njia ya kwenda sokoni ili asipite dirishani.

"Nimekukosea nini?" Edilma aliuliza. "Wale wengine wana ng'ombe wao. Wewe una nini?"

Nohemí aliweka ndoo chini. "Hujanikosea kitu."

"Basi?"

"Komadre, usinilazimishe."

"Nakulazimisha."

Nohemí alijipangusa mikono, upande huu, upande ule, ingawa ilikuwa mikavu. "Kuna ile siku nilikuja kununua mkate nikiwa na mfuko wa plastiki. Wa dukani. Hukusema kitu. Ulinitolea mkate, ukaniwekea mikononi, ukatabasamu. Nimekwenda nyumbani nimejiona mchafu. Mimi! Ninayefua nguo za watoto watano kwa maji ya baridi. Kila nikikupita, nahesabu: nimetupa nini, nimekata nini, nimechoma nini. Nimechoka kuhesabu, Edilma. Moshi ule uliponifikia, unajua nilisikia nini? Nisikuambie uongo. Nilisikia raha. Nikasema, kumbe. Kumbe na yeye ni kama sisi."

"Haikuwa mimi," Edilma alisema polepole. "Ilikuwa mama."

Nohemí alimtazama usoni. Aliamini, Edilma aliliona hilo waziwazi. Walijuana tangu wakiwa na meno ya utotoni. Akainua ndoo yake.

"Usimwambie mtu mwingine hivyo," alisema. "Utatuharibia."

Padri Aldemar aliitwa na wazee wa parokia, akatoka kwenye kikao hicho akiwa mzee kidogo kuliko alivyoingia. Mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya Dominika ya Matawi, alitangaza kwa sauti ya chini kwamba kila muumini atakuja na tawi ambalo dhamiri yake inamtuma. Dhamiri za Peñas Altas zilikuwa zimeshanoa mapanga.

Jumamosi Edilma alipanda korongoni. Haikuwa Jumatatu yake, lakini moyo ulimkataza kukaa. Alichukua mfuko wa majivu begani kama kawaida, ili miguu isijue kwamba inaogopa.

Seng'enge ilikuwa imekatwa kwa ustadi, ikaviringishwa pembeni, kama inavyofanya mikono ya watu wastaarabu. Mitende ilikuwa pale. Ungepita mbali usingegundua kitu. Makuti ya pembeni yalikuwa bado yamesimama, ya kijani, yanatikisika. Katikati ya kila mmoja palikuwa na tundu jeupe lenye maji. Saba. Aliingiza kidole katika tundu la ule mkubwa, na utomvu ulikuwa bado mbichi, ukanata.

Alijiuliza kwanza nani amewaonyesha. Akamlaumu Nohemí kwa kadiri ya pumzi kumi. Kisha akageuka kutazama alikotoka, na akaiona.

Njia. Kutoka mlango wa nyuma wa nyumba yake, kupita shamba la baba, kupanda korongoni, hadi pale aliposimama: njia nyembamba, nyekundu, iliyokanyagwa ikang'aa, bila unyasi hata mmoja. Kila Jumatatu kwa miaka kumi na miwili. Kipofu angeifuata kwa fimbo. Alikuwa ameificha mitende yake kwa kila mtu huku akiichorea barabara.

Aliumwaga mfuko wa majivu kwenye shina la ule mkubwa, kwa mazoea tu. Akateremka kwa njia ileile, hakukuwa na nyingine.

Dominika kulipambazuka vizuri. Maandamano yalishuka kutoka kanisa la mlimani, punda mbele, amefungwa mdomo safari hii kwa usalama wake. Mitende saba si mingi kwa watu mia nne. Walikuwa wameyachana makuti yale ya rangi ya siagi ukanda kwa ukanda, wakasuka misalaba midogo, kila nyumba ikapata wake. Wengi walibeba matawi ya vichakani tu na maua. Lakini misalaba ile ndiyo iliyoinuliwa juu, na hewa yote ilinukia nta. Walikuwa wamefurahi. Si furaha ya kumkomoa mtu, hapana, ingekuwa nafuu. Ilikuwa furaha ya watu waliorudishiwa kitu chao.

Edilma alisimama dirishani. Mikate ilikuwa arobaini, maana siku hizi ndiyo aliyothubutu kuoka.

Maandamano yalipofika usawa wake, Nohemí alichomoka kwenye mstari. Amevaa gauni la sikukuu, jasho puani. Mkononi alikuwa na kipande kizima, hakijachanwa, urefu wa mkono, laini kama utepe.

"Nimekuwekea, komadre," alisema akihema. "Walitaka kukisuka nikawaambia hapana, hiki ni cha Bi Hersilia. Ameshazeeka, anaogopa radi. Chukua."

Edilma alilitazama kuti lile. Alilijua. Lilikuwa la ule uliomfika begani. Hakuna mwingine uliokuwa na kuti refu hivyo.

"Chukua bwana, watu wanatazama."

Kweli walikuwa wanatazama. Mstari mzima ulikuwa umepunguza mwendo. Mzee Gildardo alikuwa amesimama na msalaba wake wa kuti, kofia kifuani, na usoni mwake hamkuwa na chuki yoyote. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayesubiri mgonjwa ameze dawa. Kutoka ndani mama aliita, "Nani? Ni mtende huo? Nanusa mtende!" Na juu ya kilele, mbali, palikuwa na kiwingu kimoja cheusi, kidogo kama ngumi.

Edilma alinyoosha mkono akalichukua.

"Hayaa!" alisema Mzee Gildardo, akavaa kofia. "Mama Edilma, hiyo mikate inauzwa au ni ya maonyesho?"

Walicheka. Utani ule wa zamani, wa kwenda kukamua. Walikuja dirishani mmoja mmoja, wakamwuliza hali ya mama, hali ya binti, wakampigapiga begani. Mke wa Gildardo alisema mkate huu nilikuwa nauota. Hakuna aliyekuja na kikapu. Edilma alitafuta chini ya meza, akapata furushi la mifuko ya plastiki aliyoachiwa zamani na mchuuzi na ambayo hakuwahi kuigusa, akawafungia mikate miwilimiwili, vizuri, akikaza fundo. Mikate arobaini iliisha kabla punda hajafika uwanjani.

Kisha alifunga dirisha, akaenda kuliweka kuti nyuma ya mlango.